Shemeji na Upinde wa Mwalimu

Mdogo wa mume wangu anakaa Sharpstown, Houston, na kwa kujisifu sijaona wa kumshinda. Tulipopata kazi ya kuhudumia wazee Alaska msimu mmoja wa baridi, mimi na yeye, alinunua koti la madoadoa la wawindaji kabla hata hajauliza huko kuna nini.

Kulikuwa na theluji, basi. Kijiji hakina barabara, unafika kwa ndege ndogo. Mwalimu mmoja wa kike, mwenyeji wa pale, alikuwa akifundisha watu kupiga mishale nyuma ya shule. Mimi nilikwenda kwa upweke. Shemeji alifuata picha.

Mwanzo niliaibika. Vidole vilikufa ganzi, na mishale iliyokosa shabaha ilizama kwenye theluji, tukawa tunaitafuta kwa reki. Mwalimu alinivumilia.

Shemeji hakutaka kufundishwa. "Mimi damu ya wawindaji hii," akaniambia kwa Kiswahili. Baba yao alikuwa muuza vitambaa Mombasa. Alichowinda maishani ni wateja tu.

Akauvuta upinde wa mwalimu bila mshale, akanigeuzia uso. "Nipige sasa, shemeji!" Nikampiga picha. Mwalimu akapaza sauti, "Usiachie!"

Akaachia. Upinde usio na mshale hauna pa kupeleka nguvu zake. Ulipasuka mkononi mwake, kipande kikamchana shavu.

Shemeji alilia, tena kwa sauti. Upinde ule mwalimu alichongewa na marehemu baba yake, lakini alimfunga shavu kwanza ndipo akaokota vipande. Shemeji hakuomba radhi, wala hakukanyaga tena pale. Mimi niliendelea, na theluji ilipoanza kuyeyuka mishale yangu ilikuwa haipotei ovyo.

Tuliporudi Texas shemeji akaita watu kwake wale pilau.

"Dubu," aliwaambia, akishika kovu. "Alinirukia, nikauvuta upinde mpaka ukavunjika."

Watu wakaguna kwa heshima. Nikashindwa kuvumilia.

"Dubu gani, shemeji? Si ulivunja upinde wa mwalimu ukijipigisha picha?"

Mama mkwe akanikazia macho. Shemeji akacheka. "Wanawake bwana! Hawa wana-enjoy kutuangusha." Wageni nao wakacheka. Mzee mmoja akamwomba awafundishe vijana wa msikitini kulenga shabaha, naye, mtu ambaye sijamwona akirusha hata mshale mmoja, akakubali bila haya. Akataka kwanza wamtafutie uwanja mzuri.

Njiani kurudi kwetu Arlington mume wangu ndiye aliyeendesha.

"Ungemwacha tu," akasema. "Alikuwa anachangamsha watu."

"Na yule mwalimu?" nikamuuliza. "Yeye nani atamsemea?"

Akawasha redio.