Joho Alilovaa Mmadi Bila Ruhusa

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, mume wangu Mmadi alitoka nyumbani kwetu Magoudjou, hapa Moroni, kwenda msikitini akiwa amevaa joho ambalo mji haukumruhusu kulivaa. Niliwahi kuona mgongo wake tu, zari inameremeta mabegani, kisha akakata kona. Nikabaki mlangoni na mwiko mkononi, sijui nicheke au nipige yowe.

Mwanangu, wewe uliyekulia Unguja labda huoni kosa liko wapi. Ngoja nikueleze polepole. Mimi si mtu wa shule, niliishia chuoni kusoma Kurani, na kila nikiandika hujiuliza kama nimesema kweli yote au nimejipendelea. Hapa Ngazija mwanamume huwa mtu mzima siku anapofanya ndoa kubwa, ile ya kulisha mji mzima. Kabla ya hapo, hata awe na wajukuu, ni mtoto wa mji. Hasemi mbele ya wakubwa uwanjani, na joho la zari halimhusu. Mmadi alikuwa dereva wa teksi, tena gari si lake, asubuhi hadi jioni ni Itsandra na mjini, mjini na Itsandra. Ndoa kubwa angeitoa wapi? Kwetu Nzwani mambo hayo si makali hivyo, lakini kila mji una taratibu zake, na sisemi za wenzetu ni mbaya.

Joho lenyewe nililidarizi mimi. Hapo ndipo ilipo habari yangu.

Nilizaliwa Mutsamudu, kule kisiwani Nzwani, kwenye zile njia nyembamba ambazo ukipiga chafya nyumba ya tatu wanakuombea rehema. Wasichana tulifundishwa kushona kofia. Joho lilikuwa kazi ya wanaume. Siku za harusi wenzangu walimtazama bwana harusi usoni, mimi nikatazama ukosi wa joho lake, vile zari inavyopinda na kurudi bila kukatika. Nilitamani mno. Nikaolewa, nikaletwa Moroni, nikazaa, nikalea, na hamu yangu nikaikalia kimya. Kufikia miaka ile ya wazungu wa kukodiwa, wale wenye bunduki na sare nyeusi waliokuja wakakaa kama wenyeji, binti zangu walikuwa wameshaolewa na mvi zimeshaingia kichwani mwangu. Nikajiambia: nikifa leo, sitajua kama mikono hii ingeweza.

Nikaenda kwa Fundi Abdu, mzee aliyedarizi majoho barazani kwake mji mkongwe. Nilikuwa nimejifunika shiromani, ile nguo yetu wanawake wa Nzwani, kwa hiyo kila mtu alijua natoka wapi kabla sijafungua mdomo.

"Kwezi, fundi," nikamwamkia.

"Mbona, bweni," akaitikia, yaani marahaba, bibi. "Umeleta nguo ya mumeo?"

"Hapana, fundi. Nataka kujifunza."

Wanaume waliokuwa wakishona pale wakacheka. Mmoja akauliza, "Macho unayo, mama, au tukutungie uzi?"

Fundi Abdu hakucheka. Wala hakunikubali papo hapo, tusimwongezee sifa. Alisema mwanamke hawezi kukaa baraza moja na wanaume, na hilo halibadiliki. Halafu akaufikiria mlango wa nyumba yake. "Lakini mke wangu yumo ndani, nyuma ya pazia hili. Kaa naye. Kazi itapita chini ya pazia."

Ndivyo nilivyojifunza, mwanangu. Yeye nje, mimi ndani, na kitambaa kinakwenda na kurudi. Zari haichomwi ndani ya nguo kama uzi wa kofia. Inalazwa juu, kisha inashikizwa kwa uzi mwembamba usioonekana. Ukivuta kwa woga, kitambaa kinakunjamana. Na mimi nilikuwa na woga. Nikishona nafumua, nikifumua nashona. Hata palipokuwa pazuri nilipafumua, nikidhani macho yangu yananidanganya.

Siku moja mkono wa fundi ukaingia chini ya pazia na kipande changu, kimechakaa kama tambara la jikoni.

"Hapa palikuwa pazuri jana. Kwa nini umefumua?"

"Niliona si pazuri, fundi."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Niliona mwenyewe."

"Sikiliza, bweni. Nikikwambia mimi fumua, fumua. Lakini ukifumua kwa ajili ya woga, nguo inachoka na mimi nachoka. Unashona kama mtu anayeomba radhi kwa kukaa nyumbani kwake. Ukifumua tena kazi nzuri, usirudi hapa."

Machozi yakanitoka. Mke wake akanibonyeza goti. "Nyamaza, dada. Mimi hunisema hivyohivyo kwa ajili ya wali."

Sikufumua tena. Mambo hayakuwa mepesi hata hivyo. Zari aliniletea dada yangu kutoka Mutsamudu, akipanda ndege Ouani. Siku moja, kwenye kizuizi cha njia ya Itsandra, askari mmoja wa wazungu wale akaumwaga mfuko wangu chini. Nitasema haki: mwenzake aliinama, akaokota, akanipa mkononi. Aliyemwaga hakuinama. Zari ikawa imefungamana kama nywele za mtoto mchanga, nikasema basi, hii ni ishara niache. Mmadi alikaa kitako na vidole vyake vya usukani, akaifungua uzi kwa uzi mpaka wali ukapoa.

Joho likaisha. Hakuna aliyelitaka. Waliokuja kulitazama walilisifu, kisha wakauliza limeshonwa na nani, kisha wakakumbuka wana haraka. Joho la mwanamke, tena Mnzwani, likiachia mshono mbele ya watu siku ya harusi, aibu itakuwa ya nani? Siwalaumu, harusi ni kitu kikubwa. Likakaa msumarini ukutani. Alhamisi moja nikalishusha, nikachukua wembe, nikaanza kutafuta ncha ya zari ili niifumue, angalau nyuzi zisipotee bure. Mmadi akaniona. Akauchukua wembe, akanyoa ndevu zake, akautia mfukoni.

Kesho yake ndiyo ile Ijumaa.

Niliacha chungu jikoni, nikakimbilia kwa wifi yangu, ambaye dirisha lake linatazama uwanja wa mji. Tulisubiri mpaka swala ikaisha. Wakubwa wamekaa kwenye viti vyao vya mawe, na Mmadi amesimama katikati akimeremeta kama sinia la sikukuu. Vicheko vilinifikia juu.

"Mmadi! Umefanya ndoa kubwa lini? Mbona wali hatukuula?"

"Labda aliulia ndani ya teksi!"

Wifi yangu akajifunika uso. "Ametutia fedheha huyu."

Mkubwa wao, Mzee Ibrahimu, akainua mkono na kicheko kikakatika. "Unajua huruhusiwi?"

"Najua, baba."

"Faini unaijua?"

"Ni kulisha rika. Najua."

"Basi vua."

Akalivua taratibu na kumkabidhi kwa mikono miwili. Mzee akalikunja alitie kwapani. Kidole chake kikagusa ukosi, kikasimama. Akaukunjua, akaupindua ndani, ambako mshono mbovu hauna pa kujificha. Akaukwaruza kwa kucha. Zari haikusogea.

"Kashona nani?"

"Mke wangu."

"Yule Mnzwani?"

"Ndiye huyohuyo."

Mzee akamgeukia fundi wangu, kati ya waliotoka msikitini. "Fundi Abdu, kweli hii? Au ni mkono wako?"

"Mimi sikugusa sindano," akajibu fundi. "Nilimgombeza tu."

Mzee Ibrahimu akalikunja tena, polepole. "Faini iko palepale," akasema. "Lakini joho hili halirudi msumarini. Mwanangu anaoa mwezi ujao, na atalivaa yeye."

Mwanangu, faini nililipa mimi, kwa kupika pilau la rika zima, na sijawahi kupika kwa furaha namna ile. Baada ya harusi hiyo watu walikuja wenyewe. Nilidarizi mpaka macho yakaomba kupumzika, na Mutsamudu wako wanawake wanaoshika zari leo ambao nilikaa nao nikiwagombeza. Mmadi alifariki akiwa bado mtoto wa mji. Nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, alisema alitaka watu waione kazi. Kisha akaongeza, "Na nilitaka kujua linavyokaa mwilini." Sijui ipi ilitangulia. Zote mbili nazipenda.

Sasa nikuambie. Ulilolitamani ukiwa mdogo, kama bado linakukaa moyoni, lianze, hata kama mvi zimekutangulia. Kubali kugombezwa na anayejua. Woga wako mwenyewe usiupe wembe. Na siku utakapokosa kujiamini, tazama kama nyumbani hamna mtu anayeamini kwa niaba yako, umwache atoke na kazi yako nje.

Mungu aipe mikono yako kazi inayoipenda, akupe macho ya kuimaliza, na akuwekee karibu mtu wa kukufungulia zari inapofungamana. Amin.