Boksi Jipya la Kaka

Kaka yangu alinunua gari la umeme kabla hajajua atalichajia wapi. Sikushangaa, ndiye yuleyule aliyewahi kusimamisha geti kabla ya uzio. Gari lilipofika Njombe, katika nyumba aliyotuachia baba, anamoishi kaka na mama, alinipigia simu Makambako niende Jumapili, mchungaji angekuja kuliombea.

Fundi umeme alikuwa amemweleza kwamba nyaya za nyumba ile ziliwekwa kwa ajili ya taa na redio, haziwezi kubeba gari. Abadilishe mein swichi, na avute waya mpya mnene. Kaka akakubali nusu. Mein swichi inaonekana, basi akaagiza boksi kubwa jeupe lenye breka tele, likatundikwa sebuleni mahali pa picha ya harusi ya wazazi wetu. Waya uko ukutani, nani atauona? Tena ukuta wenyewe alikwishaupamba kwa mbao za paina na hakutaka zibanduliwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; kaka aliuvisha ufa mbao. Fundi naye alifunga alichoambiwa, akaenda zake.

Jumapili mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, kaka akachomeka waya wa gari kwa madaha ya bwana harusi. Taa ndogo ya kijani ikawaka, watu wakapiga makofi. Kisha akawapeleka wageni sebuleni kulitazama boksi, akilifungua na kulifunga. Nilichoka na upuuzi ule, nikampelekea mama chakula chumbani.

Nilimkuta kitandani, blanketi magotoni, mgongo ameuegemeza ukutani, anatabasamu. Miaka yote mama amelalamikia baridi ya chumba kile, na miaka yote kaka amemjibu avae sweta.

"Hebu shika hapa, mwanangu," akaniambia. "Kaka yako amenikumbuka. Amenitilia joto ukutani."

Nikashika. Mbao zilikuwa za moto, zimeanza kunuka. Nilimtoa mama nje kwa kumvuta, nikarudi mbio sebuleni, nikawapita wageni na kuzima mein swichi. Spika za kwaya zikanyamaza.

"Una wivu wewe, tangu utotoni!" kaka akafoka mbele ya mchungaji.

"Nenda kashike ukuta wa mama," nikamwambia.

Hakwenda. Alitoka kwenda kuliangalia gari.

Sasa gari limefunikwa turubai, linasubiri waya ambao kaka anasema atauvuta akipata nafasi. Nilikataa kuondoka mpaka waya wa zamani ulipokatwa, na mama akarudi chumbani kwake. Kila nikimpigia simu huniuliza, kwa upole wa mtu asiyetaka kulaumu, kwa nini niliuzima ukuta aliowekewa na mwanawe. Sijapata moyo wa kumwambia kwamba hakuna aliyemwekea.