Maji ya Mashuka Yanakwenda Wapi

Ipo siku moja ya mvua ninayoikumbuka, mwanangu, tulipoizunguka mashine ya kukausha nguo kama watu waliomzunguka mgonjwa asiyetaka kusema panapomuuma. Nakuita mwanangu ingawa hujazaliwa, na mimi mwenyewe bado navaa sare ya sekondari. Ni kwamba mbele ya watu wazima ulimi wangu unakuwa mzito, na wadogo zangu watanicheka, kwa hiyo nakupa wewe nasaha hii mapema. Naiandika kwa Kiswahili alichonifundisha Koko, bibi yangu, maana nyumbani tunaongea Kikomoro na Kimalagasi, shuleni Kifaransa, na hakuna atakayejisumbua kukisoma hiki.

Ilikuwa likizo, mwaka uliofuata uhuru wa Madagaska. Nilikuwa nimerudi kisiwani kwetu Nosy Be kutoka Mahajanga, ambako nakaa kwa mama mdogo, mtaa wa Mahabibo, ili nisome. Mama yangu anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyoko Ambatoloaka. Kiangazi kazi hiyo ni jua na kamba tu. Masika ni mateso. Shuka linaanikwa, mvua inaanza, linaanuliwa, linaanikwa tena, mwishowe linakaushwa kwa pasi ya mkaa mpaka mkono unakufa ganzi. Likizo ile Mama aliniambia, bila kunitazama, kwamba mambo yakiendelea hivi sitapanda meli ya Mahajanga shule zikifunguliwa. Peke yake hawezi. Sikulia mbele yake. Nililia chooni, nakwambia ukweli.

Sasa utaelewa kwa nini mashine ile ilikuwa kila kitu kwangu. Madamu mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akirudi kwao alimwachia Mama. Ni sanduku jeupe la chuma lenye mlango wa kioo, ndani yake pipa linazunguka, na mgongoni ina bomba nene linalopitia ukutani hadi nje. Mwanzoni ilikausha, ingawa polepole. Kisha ikaanza kususa. Pipa linazunguka, mlio ni ule ule, lakini mashuka yanatoka vuguvugu na majimaji, yananuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Mama akamwita Mjomba Madi, kaka yake, anayefanya kazi kiwanda cha sukari na anayezifahamu mashine. Mjomba akaifungua, akautazama waya wa kupashia moto, akasema ni mzima. Akasema basi ni umeme wa mji, mvua ikinyesha unapungua nguvu. Tukazima taa zote tukakaa gizani mchana. Wapi. Akasema mashuka ni mengi mno, tutie moja. Tukatia moja, likatoka vuguvugu.

“Labda haiyataki mashuka ya Ambatoloaka,” akasema Mjomba. “Imezoea ya Paris.”

“Basi ibebe uipeleke Paris,” akasema Mama, na hakuwa anacheka.

Koko alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye ungo.

Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimechanganyikiwa kwa jambo jingine kabisa. Wao walikuwa wakiutafuta moto. Mimi nilikuwa nakitazama kile kioo. Kwa ndani matone yalikuwa yakijikusanya, yanateleza, yanarudi kwenye shuka lile lile. Nikajiuliza, maji haya yalitakiwa yaende wapi? Niliona ni swali la kijinga. Mjomba anajua mashine, angelisema. Tena kila nilipotaka kufungua mdomo, mtu mwingine alikuwa ameshaanza kusema.

“Anziza,” akasema Koko, “kioo hicho kina nini?”

“Hakuna kitu, Koko.”

“Hakuna kitu, na macho yamekutoka hivyo? Sema.”

Nikasema nikitazama miguu yangu. “Maji yanakwenda wapi?”

“Maji gani?” akauliza Mjomba.

“Ya kwenye shuka.”

“Yanakauka, mpwa wangu. Ndiyo kazi ya mashine.”

Ningeishia hapo. Nilishaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Lakini Koko akaweka ungo chini. “Mwache mtoto amalize, Madi. Yanakauka yakaenda wapi?”

Mjomba akageuka kuitazama mashine. “Yanatoka na ile hewa ya moto,” akasema taratibu. “Kwa bomba, yanakwenda nje.”

Sote tukamtazama Mama, kwa sababu alikuwa ameanza kupangusa mikono ambayo haikuwa na maji.

“Bomba nimeliziba,” akasema.

“Umeliziba?”

“Joto lote lilikuwa linapuliza nje, linawapasha moto mbuzi wa jirani. Nguo za kufukiza tunafanyaje? Chetezo chini, kitunga juu, na juu ya kitunga tunafunika nguo nzito ili moshi wa udi usitoroke. Na joto nikalifunika vile vile.”

Mjomba akakaa chini kabisa, sakafuni. “Dada yangu, tangu asubuhi nafungua na kufunga skrubu.”

“Hukuniuliza habari za bomba.”

Wala sikumwona Mama mjinga. Hata mimi ningeliziba.

Mjomba akachomoa waya wa umeme ukutani, akatoka kwenye mvua ile ile, akavuta kitambaa kilichosokotwa kwenye mdomo wa bomba. Nyuma ya kitambaa pakatoka manyoya ya nguo, laini, ya kijivu, yameshikana kama mto wa kulalia paka. Akayakwangua yote mpaka ndani. Tulipoiwasha tena, shuka lilitoka la moto hata Mama akalirusha kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Mjomba alinieleza baadaye kwamba ndani mna kidude kinachokata moto joto likizidi, ili nyumba isiungue. Bomba likizibwa joto linazidi upesi, kidude kinakata. Maana yake joto lilikosekana kwa sababu lilikuwa jingi. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa, mwanangu, na bado inanizungusha kichwa.

Koko hakunisifu. Aliniuliza, “Swali lile lilikuwa kinywani mwako tangu lini?”

“Tangu juzi.”

“Ungelinyamazia mpaka meli iondoke?”

Nikachukua shuka la moto, nikaanza kulikunja.

Jioni, mvua ikiwa haijakatika, Mama alifua sare yangu ya shule, akaitia peke yake ndani ya ile mashine, akanikabidhi ikiwa kavu. “Pasi utapiga mwenyewe,” akasema, akarudi kwenye mashuka yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Usingoje uelewe ndipo useme. Mimi sikujua jibu, na hadi leo silijui lote. Nilichokuwa nacho ni mchanganyiko wa mawazo tu, nikadhani huo ni aibu ya kufichwa. Utoe nje ukiwa bado umekorogeka hivyo hivyo, wenzako wakusaidie kuuchambua. Ukiwa wewe ndiye uliyeziba, sema upesi, kama Mama alivyosema. Na ukikua, ukaona chumbani yumo mtu anayekodoa macho bila neno, mwulize, kisha mwache amalize.

Mungu akujalie, mwanangu, sauti ikutoke hata ikiwa ndogo, na asikukoseshe mtu wa kuweka ungo chini akusikilize.