Mwalimu wa Niania

Nina miezi mitatu Bunia, na nje ya darasa langu hakuna anayenisemesha. Juzi niliingia semina ya chuo kikuu juu ya mmomonyoko wa udongo. Mlangoni mama mmoja akauliza, "Ni weye mwalimu wa Niania?"

Kweli, nilifundisha huko. Nikaitika. Akanikalisha mbele, akaniletea chai. "Siye tulikungoja sana!"

Kwenye programu niliona jina la mtu mwingine, lakini mjinga mimi nikanyamaza, maana utamu wa kungojewa nilikuwa nimeusahau. Nikapewa maikrofoni nieleze utafiti wangu. Nikasimama, nikaigonga maikrofoni kwa kidole.

Muzee mmoja akaingia na vumbi lake. "Samahani, gari ya kutoka Niania iliharibika Komanda."

Mama akanigeukia. "Sasa weye ni nani?"