Karo ya Mtoto Mmoja

Mwaka ule wa mvua ya El Nino, walimu waligoma, na watoto wa Othaya wakakaa nyumbani wakirushiana matope. Mgomo uliisha, walimu wakarudi darasani, lakini Wakonyo hakurudiwa na usingizi. Alikuwa muuza mitumba sokoni, nguo za watoto hasa, na pale kwenye turubai lake akina mama wa akademi, zile shule za kulipia, na akina mama wa shule ya serikali walinyang'anyana sweta zilezile. Watoto wa akademi walijipima viatu wakiongea Kiingereza kama maji. Wa kwake walikuwa katika darasa la watoto themanini, wanne dawati moja, na mwalimu aliyekuja siku alizojisikia.

"Hawa wangu wataishia wapi?" alijiuliza, mteja akiwa mbele yake anauliza bei kwa mara ya tatu.

Sasa, karo. Bonasi ya mwaka ya majani chai ya boma lao ilikuwa imelipwa, na ukiongeza faida ya mitumba ilitosha kupeleka mtoto mmoja akademi. Mmoja, basi. Naye Wakonyo alikuwa na wavulana wawili, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Kama huwajui watu wa Nyeri, keti nikueleze. Kule mtoto hatafutiwi jina kwa sababu linapendeza. Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume, wa pili jina la baba wa mke, na mambo hayakomei kwenye jina. Mtoto ndiye mzee mwenyewe, na heshima zake zote. Kifungua mimba wa Wakonyo alikuwa Wamae, jina la marehemu mkwe wake, aliyepanda kila shina la chai la boma lile kwa mikono yake. Gladwell, mama mkwe, alimwita mtoto huyo "mume wangu" na kumfichia mnofu. Wa pili alikuwa Kingori, jina la baba yake Wakonyo, mzee wa kule Endarasha ambaye mali yake ilikuwa viazi na kikohozi. Wakonyo alimwita "Baba" tangu akiwa ananyonya.

Umeona shida iliko? Akimpeleka Kingori, ataambiwa anamsomesha baba yake kwa chai ya wenyewe. Na wangemwambia, tena kanisani, wakimpa mkono wa salamu.

Lakini Kingori ndiye aliyekuwa na kichwa. Alikuwa darasa la nne na alisoma chochote chenye herufi. Alisoma gazeti lililofungiwa nyama, akasoma na maandishi ya fulana za mitumba. Siku moja mama mmoja wa kanisa, mtu mzima wa heshima zake, alikuwa anajipima fulana nzuri ya buluu, Kingori akamwambia kwa adabu kabisa kwamba kifuani imeandikwa "Ninunulie bia nyingine." Mama wa watu aliivua kama imeshika moto. Soko zima lilicheka, na Wakonyo akacheka nalo. Kichwa kama hiki, kikae wanne dawati moja?

Wamae alikuwa darasa la tano, mtoto mpole, mzito wa kitabu. Tangu mambo ya akademi yaanze kutajwa, alikuwa akienda tuisheni kwa Mwalimu Peris kila jioni, akirudi na matope hadi magotini, anakula, analala. Wakonyo hakuwa akimwangalia sana. Macho yake yote yalikuwa kwa yule mwingine. Usimhukumu haraka, hata wewe pengine unaye unayemwangalia zaidi.

Mumewe, Moffat, aliendesha lori la kukusanya majani chai. Alikuwa mtu wa kuteremsha lori tupu au limejaa kwenye utelezi wowote bila kutoka jasho, lakini mbele ya mama yake breki zilimshika zenyewe. Wakonyo alipomuuliza nani aende, alikuna kichwa, akatazama mlango.

"Si akademi iko na mtihani wa kuingia?" akasema. "Wafanye wote. Mtihani uamue."

"Sawa kabisa," Gladwell akadakia kutoka jikoni, maana masikio yake hayakuwa na likizo. "Kila mtu afanye wa darasa lake, na atakayepata nyingi aende. Ati mume wangu ashindwe na mtoto wa darasa la nne? Haiya! Na nitaenda nikaone kwa macho yangu."

Wakonyo angepaswa kufurahi. Mtihani ungemsemea yale ambayo yeye hakuthubutu kuyasema. Lakini kadiri siku ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kuogopa, na alichokiogopa zaidi ni kwamba Kingori angeshinda. Angeshinda, halafu yeye angeishi vipi katika boma lile? Angeteka maji akisemwa, angechuma chai akisemwa, na hata akizikwa watu wangesimama kaburini wakisema.

Asubuhi ya Jumamosi ile alikuwa akimfunga Kingori vifungo vya sweta, maneno yakamtoka.

"Baba, leo uwe na adabu. Wamae ni mkubwa wako, na hii chai ni yake. Usiniingize kwenye midomo ya watu."

"Ndio, Mama," mtoto akasema.

Wakonyo alikuwa na maana gani? Hata yeye hakujua. Alisema tu, ili woga upungue moyoni.

Akademi ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Nyeri, na maua mlangoni, na madirisha ambayo hakuna kioo hata kimoja kilichovunjika. Mwalimu mkuu, Bwana Thuranira, mtu wa Meru mwenye miwani na sauti ya chini, aliwaingiza watoto darasani, akawaonyesha wazazi benchi. Wakaketi. Gladwell alitoa nduma, yale magimbi ya kuchemsha, kwenye kikapu chake cha kiondo akala kwa utulivu, akimsifu Wamae kwa kila aliyepita. Wakonyo hakuondoa macho kwenye mlango wa darasa.

Mchana Bwana Thuranira akatoka na karatasi.

"Wamae Moffat, sabini na moja. Huyu tunamchukua." Akashika karatasi ya pili, akaigeuza upande wa nyuma, akaigeuza tena. "Kingori Moffat. Huyu, mama, ameandika jina lake peke yake."

Gladwell hakungoja mengine. Alisimama katikati ya maua ya watu akapiga vigelegele vitano, vile vya mtoto wa kiume akizaliwa, akamkumbatia Wamae, akamtia nduma mkononi. Wazazi wengine wakapiga makofi.

Na Wakonyo, acha niseme ukweli, alishukuru. Kwa nukta mbili tatu hivi alihisi mzigo umeshuka, kwamba yamekwisha, na hakuna mdomo utakaomtaja. Kisha akamwona Kingori amesimama ukutani, mikono nyuma, amenyooka kama mtu aliyemaliza kazi yake, na ile shukrani ikamgeukia uchungu. Akamvuta pembeni.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana."

"Maswali yalikuwa magumu?"

"Yalikuwa rahisi. Kulikuwa na hadithi ya mbwa aliyepotea sokoni halafu akafuata harufu ya samaki mpaka nyumbani. Nimeisoma mara mbili, ilikuwa tamu."

"Sasa mbona hukuandika?"

Kingori akamtazama kwa mshangao.

"Si ulisema chai ni ya Wamae?"

Hakulia. Alisema kama mtoto anayemwambia mama yake kwamba amefunga lango la ng'ombe kama alivyotumwa.

Woga wa miaka yote katika boma lile, alioudhani ni siri yake, mtoto alikuwa ameubeba akaketi nao mbele ya karatasi. Wakonyo akamshika mkono, akarudi mbio kwa mwalimu.

"Mwalimu, mpe karatasi nyingine. Tafadhali."

"Mama, mtihani haurudiwi. Nikirudia kwako, nitarudia kwa hawa wote."

"Huyu mtoto nilimfunga mimi! Nilimwambia asimpite ndugu yake. Si kwa maneno hayo, lakini nilimwambia. Muulize. Muulize alichosoma."

Vigelegele vilikuwa vimenyamaza. Bwana Thuranira aliinama kwa Kingori akamuuliza kwa Kiingereza, na Kingori akamjibu, Kiingereza chake cha fulana na magazeti kikichechemea lakini kikifika. Alimsimulia mbwa, soko, samaki, mpaka jina la mtu aliyeuza samaki. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa kwa tai.

"Nusu saa," akasema. "Peke yake, mbele yangu."

Wakonyo alipiga magoti pale mlangoni, uso wake usawa na wa mtoto.

"Baba, nisikize. Sahau ya asubuhi. Andika yote unayoyajua."

"Hata nikimpita Wamae?"

Benchi lote lilikuwa limetega sikio. Aliona pembe ya leso ya Gladwell bila kugeuka.

"Mpite," akasema.

Mlango ulipofungwa, Gladwell alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kwa hivyo ni kweli, Mama Wamae. Ni baba yako unataka kusomesha na chai yetu."

Miaka kumi na miwili Wakonyo hakuwahi kumjibu mama huyu. Sasa akamjibu.

"Ndiyo, Mama, ni baba yangu. Na yule ni bwana yako. Lakini wote wawili nimewazaa mimi."

Gladwell akarudi kwenye benchi, akaketi mwisho kabisa, kiondo mapajani, akawa anatazama barabara. Alionekana mzee ghafla, na Wakonyo akamwonea huruma, jambo ambalo hakulitarajia. Hata hivyo kifua chake kilikuwa chepesi. Alikuwa ameyasema, na mbingu haikuanguka. Sasa hata nyumbani angeweza kurudi bila woga.

Alipogeuka akamkuta Wamae.

Alikuwa hapo muda wote, hatua chache tu, nduma mkono mmoja haijaumwa, karatasi mkono wa pili. Hakuna aliyemkumbuka.

"Mama," akasema, "kwani mimi sikupita?"

"Umepita, mwanangu. Umepita vizuri sana."

"Mwalimu Peris alisema nikipata sitini nitakuwa nimefanya vizuri. Nimepata sabini na moja." Akamnyooshea karatasi, maana aliona mama hajaitazama.

Na kweli hakuwa ameitazama. Aliichukua akaanza kuisoma kwa aibu, swali kwa swali, alama nyekundu moja baada ya nyingine. Hesabu zilikuwa zimefanywa, zikafutwa, zikafanywa upya mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Alikumbuka zile jioni za matope magotini. Mtoto wake mzito wa kitabu alikuwa ameitaka nafasi hii kuliko mtu yeyote katika boma lile, na hakumwambia mtu, na hakuna aliyemuuliza.

Nyuma ya kioo, kichwa cha Kingori kilikuwa kimeinama, na kalamu haikuwa ikisimama.

"Akimaliza," Wamae akauliza, "ataniacha mbali?"

Wakonyo alijua jibu.

"Sijui," akasema, akamvuta kifuani.

Wamae hakukataa. Alimwegemea mama yake, ila mkono wake mmoja ulibaki umenyooka, ukiomba karatasi yake irudishwe.