Jina la Kuazima

Jina la baba mkwe wangu nimelitamka mara moja tu maishani. Wajukuu zangu wakinisikia nasema hivyo hucheka, maana wao humwita hata babu yao kwa jina, tena kwa kupayuka. Chekeni tu. Kwetu huku milimani Ileje, mke wa mtu hakutazamana na baba wa mume wake. Ukimwona anakuja unaacha njia, unaingia majanini, unageuza mgongo na kuchutama mpaka apite. Kusema naye huku ukuta ukiwa katikati, au ukiwa umempa mgongo, kuliruhusiwa. Kumtaja jina, hapana. Kile chombo cha kuchotea maji, kwa kuwa kwa lugha yetu kilifanana naye jina, nilikiita "kile cha mtungini" miaka yote ya ndoa yangu. Nilikuwa mkaidi wa mambo mengi, ila si hilo.

Mume wangu alitoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Unyasa, ambako leo ni Malawi. Alikuja kufyatua matofali ya kanisa la misheni, akanioa, akabaki. Lugha ilikuwa moja na maharage yalikuwa yale yale. Wazungu ndio waliouchagua mto uwe mpaka wao. Baba yake alibaki kule peke yake. Mkewe alishafariki, watoto wengine walifariki wadogo, na kifua kilikuwa kimeanza kumwangusha. Jirani ndiye aliyemchotea maji. Mume wangu alikuwa akivuka kumsihi ahamie kwetu, na kila mara alirudi na jibu moja: "Sihami bila karatasi."

Hakikuwa kiburi. Miaka ya vita ya kwanza ya wazungu alikuwa amejenga upande wetu, askari wakamwona ni mtu wa upande wa pili, wakamfukuza na nyumba wakaichoma. "Nikivuka tena," alisema, "nivuke mara moja, nizikwe huko huko." Na jumbe wetu naye alisema vivyo hivyo: mgeni wa ng'ambo sharti apate kwanza ruhusa ya boma ya kukaa siku zote, ndipo aonyeshwe mahali pa kujenga.

Basi wakati wa kuvuna maharage tukapeleka maombi. Aliyeandika ni mimi. Nilikuwa nimesoma misheni madarasa manne, na pale kijijini walioshika kalamu tulikuwa mwalimu na mimi tu. Mwandiko wangu ulisifiwa, na mimi nilipenda kusifiwa, nisiseme uongo. Nikamsomea mume wangu maombi yote, akaridhika, tarishi wa jumbe akayapeleka bomani, mwendo wa siku mbili.

Tukangoja. Maharage yakaisha ghalani nusu, nyasi zikachomwa, miti ikaanza kutoa majani mapya. Kimya. Halafu jirani wa kule akatuma neno kwamba mzee amekwenda kuchota maji mwenyewe, ameanguka kando ya kisima, amelala pale mpaka alipookotwa na wapita njia. Mume wangu hakula siku hiyo. Mawingu yalishaanza kukusanyika, na sote tulijua mvua zikishika, Songwe haivukiki na mgonjwa mpaka kiangazi kingine. Na kiangazi kingine kingemkuta nani?

Nikamwandikia mkuu wa boma barua ya pili, ya kuomba wafanye haraka. Naikumbuka vizuri. "Kwa heshima nyingi, Bwana Shauri. Sisi hatujambo, na tunatumaini wewe pia hujambo. Tunakuomba uyakumbuke maombi ya mzee wetu, baba wa mume wangu. Ni mgonjwa, na mvua ziko karibu. Tunakuomba sana." Nilidhani nimeandika barua isiyo na kasoro.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili, pamoja na fomu tupu. Aliyeandika ni karani. Nililisoma kwa sauti kwenye tanuri la matofali, mume wangu akiwa amesimama na jembe mkononi. "Haraka haraka haina baraka. Maombi yenu hayakucheleweshwa na mtu. Yamekaa hapa kwa sababu hayana mtu. Huyo mzee wenu ni nani? Wazee wa wilaya hii ni wengi kama punje za mahindi. Jazeni jina lake, atie kidole gumba, kisha muirudishe fomu."

Kwanza nilikasirika na karani. Methali yake hiyo niliichukia siku ile, na naichukia hadi leo. Ningependa nimwone amelala kisimani, kisha mtu amwimbie hiyo haraka haina baraka. Ila mume wangu alikuwa ananitazama.

"Hukuandika jina?"

"Ningeliandikaje?"

Aliketi juu ya matofali. Yeye hakujua kusoma, na nilipomsomea yale maombi nilisoma "baba yako", naye moyoni akasikia jina la baba yake. Hatukujua, si yeye si mimi. Miezi yote ile mzee alikuwa amekaa bomani kwenye rundo la karatasi za watu wasiojulikana, kwa sababu ya adabu yangu.

"Andika sasa," akasema kwa upole. "Ni wino tu."

"Siwezi."

"Mwalimu yuko safarini. Nani mwingine?"

"Basi andika wewe."

Lilikuwa neno baya, na nililijutia kabla halijatoka lote. Alikunja ile fomu, akachukua masizi ya chungu na mafuta kidogo kwenye jani kwa ajili ya kidole cha baba yake, akashuka mtoni. Nilibaki nikilia, nikaunguza mboga, nikamfokea mbuzi ambaye hakunikosea kitu.

Alirudi siku ya pili. Fomu ilikuwa na kidole cheusi pale chini, kikubwa, kimepinda upande. Kwapani alikuwa na kuku jike mweupe.

"Nimemweleza kwa nini karatasi imechelewa," akasema. "Amecheka mpaka nikaogopa pumzi itamkatika. Kisha akasema, mwambie mkwe wangu, jina langu namwazima. Aandike, halafu atanirudishia. Kuku huyu ni ushahidi kwamba mimi mwenyewe nimempa."

Kwetu kuku mweupe akishapokelewa mkononi, neno lililokuja naye huwezi kulikataa. Nikampokea. Nikanawa mikono, nikamwambia mume wangu atoke na mtoto wetu, nikaketi na ile fomu. Jina lenyewe fupi, herufi chache tu, lakini kalamu ilikuwa nzito kama mchi. Nilipomaliza niligeuka, nikalipa mgongo mpaka likakauka. Sijui nani angeniona, ila nilifanya hivyo.

Chini yake nikaongeza maneno yangu, na safari hii sikuuliza mtu hali. "Bwana Shauri, jina ni hilo hapo juu. Mgonjwa yuko peke yake na mto unajaa. Naomba utoe ruhusa siku ile ile utakayoisoma barua. Na karani aambiwe kwamba mvua haijui methali." Mume wangu alipoisikia aliniomba niondoe lile la karani. Sikuliondoa. Nikampa tarishi.

Ruhusa ilifika na muhuri wake siku moja baada ya mvua ya pili kubwa. Asubuhi yake wanaume wanne wakavuka na machela. Mimi nilishuka mpaka ukingoni nikiwa nimebeba blanketi na uji, na nilipoona wanatokea ng'ambo wamembeba, nikageuka kama inavyopasa, nikachutama nikiwa nimeupa mto mgongo. Kwa hiyo kuvuka kwake sikukuona. Nilisikia tu. Nilisikia mmoja akisema maji yamefika kiunoni, mwingine akasema kifuani, mume wangu akasema "inua, inua juu", kisha pakawa na maji matupu, hakuna sauti ya mtu. Sijawahi kutamani kugeuka kama siku ile. Nilishika majani kwa mikono miwili. Halafu nikasikia kikohozi, karibu kabisa, upande wetu. Nikakaa chini kwenye matope.

"Mkwe," akasema kule nyuma yangu, "huo uji ni wangu?"

"Ni wako, baba."

Alikaa nasi mvua tatu. Nyumba yake ilijengwa karibu na jiko langu, na mchana alipenda kuketi nje ameegemea ukuta wa jiko, mimi ndani napika. Ile karatasi aliiweka kwenye kibuyu. Kila baada ya siku chache aliipitisha kwa mjukuu wake na kusema, "Mama yako anisomee." Nami nilisoma kwa sauti nikiwa napepeta au nakoroga: "Ruhusa imetolewa kwa," kisha nikanyamaza. Naye kutoka nje akalisema jina lake mwenyewe, kwa kishindo, kama mtu aliyeitwa mbele ya jumbe. Kisha nikaendelea: "kukaa katika nchi hii siku zote." Akifurahi alisema, "Hapo penye siku zote, rudia." Nilirudia hata mara tatu. Nilimpenda yule mzee, na sikuwahi kuuona uso wake.

Mvua ya tatu kifua kilimshinda. Mchana mmoja alikuwa amelala ndani kwake, mimi nje chini ya upenu, ukuta wetu katikati. Mume wangu alichungulia mlangoni, akanipa karatasi. "Anaitaka."

Nikasoma. "Ruhusa imetolewa kwa." Nikanyamaza. Nilisikia pumzi tu, inakuja kwa shida. Nikangoja. Nikaanza upya, nikafika pale pale, nikangoja tena. Hakuwa na sauti ya kulisema.

Nikalisema mimi. Nililisema lote, kwa sauti ya kawaida, kisha nikamalizia, "kukaa katika nchi hii siku zote." Nikarudia hapo penye siku zote bila kuambiwa.

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba mzee alimwashiria ainame. Alisema neno moja tu, na baada ya hilo hakusema lingine.

"Amenirudishia."