Nyuma ya Picha ya Rais

Mume wangu, Baba Mapacha, ni fundi wa fremu. Kila picha ya rais iliyotundikwa ofisini na dukani katika mji wetu ilipita mikononi mwake. Maisha ya wakubwa hao tuliyasoma mezani petu. Rais wa kwanza alianza mwembamba, shati la mikono mifupi. Akanenepa, shingo ikapotea, nishani zikamjaa kifuani.

"Mama Mapacha, huyu akizidi kula tutabadilisha fremu," mume wangu alikuwa akisema.

Jeshi lilipompindua, walimburuta barabarani mpaka uso haukujulikana tena. Mungu amrehemu, naye alizaliwa na mama. Mara zikaletwa picha za rais wa pili, zitundikwe haraka. Kadibodi ya kuweka nyuma ya picha haikupatikana popote. Mume wangu, mtu asiyetupa kitu, akamwacha wa kwanza humo humo ndani ya fremu, akamlaza wa pili juu yake, akapiga misumari.

Miaka ikapita. Siku moja askari walikuwa wakimpiga karani wa wilaya, wakamrusha ukutani. Fremu ikaanguka, kioo kikapasuka, rais wa pili akateleza, na nyuma yake akatokea wa kwanza, anatabasamu.

Walitujia mchana, ninapepeta mchele. Aliyewaongoza ni kapteni kijana, mtanashati, sauti ya chini kama mtu anayesali.

"Wewe ndiye unayemficha marehemu nyuma ya Mheshimiwa?"

"Niliweka badala ya kadibodi tu, afande."

"Ala! Rais ni kadibodi?"

Wakamshukia kwa vitako vya bunduki. Meno yalidondoka kwenye ungo wangu wa mchele. Nilimwangukia kapteni miguuni.

"Mwanangu, nakuomba kwa jina la Mungu."

"Kaa pembeni, mama, damu itakuchafua." Akamgeukia mume wangu. "Nani alikutuma? Nitajie, au tunakumaliza hapa hapa."

Mume wangu akatema damu. "Kafungue na ile ya ofisini kwako, afande. Hata hiyo nimeitengeneza mimi."

Kapteni akamtuma askari kambini, naye akarudi akitikisa kichwa kukubali. Kumbe kapteni mwenyewe alikuwa akikaa chini ya marehemu kila siku! Angemwua mume wangu kwa kosa hilo, na yeye angeulizwa. Basi akachukua nyundo yetu.

"Weka mkono mezani."

Akamvunja mkono wa kulia, kidole baada ya kidole, bila kupandisha sauti. Mifupa ililia kama kuni kavu.

"Mimi sijaona kitu," akasema, "na wewe hujaona kitu."

Tangu siku hiyo mume wangu anapima, mimi napiga misumari. Kapteni naye akapanda: meja, kanali, jenerali. Asubuhi moja redio ikapiga muziki wa jeshi peke yake. Rais wa pili alikuwa amepigwa risasi akinywa chai, na walinzi wake wakachinjwa getini.

Bunda la picha likaletwa. Mume wangu akalifungua. Alikuwa yeye, kapteni wetu, mashavu yamejaa sasa. Mkasi ulinidondoka.

"Kuna tatizo?" askari akauliza mlangoni, bunduki begani.

"Hakuna, afande," mume wangu akajibu. "Nyuma niweke nini?"

"Usiweke mtu! Amri ya Mheshimiwa mwenyewe. Weka ubao."

"Ubao utaliwa na mchwa. Wakimaliza ubao, watamhamia yeye."

Askari alitaka kucheka, akajizuia. "Basi weka bati."

Bati tuling'oa kwenye paa la jiko letu. Mume wangu akalipima kwa mkono wa kushoto, akaligandamiza kwa kiwiko. Mimi nikashika nyundo, nyundo ile ile. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo anipe roho ya kusamehe, na kila nikiomba, nyundo inashuka. Mume wangu akanigusa bega kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Polepole, Mama Mapacha. Utapasua kioo."